Maji hayamngoji mweka hazina: somo la pesa ya kikundi kutoka Mto Ramisi

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi. Watu kumi na sita tumesimama kwenye ufuo wa Bodo, Kaunti ya Kwale, majaketi ya kuokolea yamefungwa, kofia kichwani, mafuta ya jua yanang'aa usoni. Mashua mbili zinaelea mbele yetu. Kimebaki kitu kimoja tu: kumlipa nahodha baki yake ya KSh 12,000, halafu tuelekee Mto Ramisi.

Mweka hazina wetu anaingiza nambari ya till, kiasi, kisha PIN. Simu inamjibu kwamba salio halitoshi.

Anajaribu tena. Jibu ni lile lile.

Kama umewahi kusafiri na kikundi, unakijua kimya kinachofuata hapo. Hakuna anayesema kitu, lakini kila mtu anapiga hesabu kichwani. Watu kumi na sita, KSh 4,500 kila mmoja. Hiyo ni KSh 72,000. Sasa imekwenda wapi?

Nimeamua kuandika kuhusu asubuhi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, najua vikundi vingi vinapanga safari za wikendi, na vingi vinakusanya pesa vile vile tulivyokusanya sisi. Pili, na hii inaniuma kidogo, mimi ndiye niliyependekeza tukusanye hivyo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha wateja kutunza pesa zao kwa simu. Mweka hazina mwenyewe ameniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje jina.

Kikundi chetu na mto wenyewe

Sisi ni kikundi cha marafiki wa Mombasa tunaopenda mashua. Hatuna jumba la klabu wala mashua ya kifahari. Jumamosi moja kila mwezi tunakodi mitumbwi na makasia, tunazunguka kwenye mkono wa bahari, tunarudi tukiwa tumechoka na tumecheka vya kutosha. Mara moja kwa mwaka tunafanya safari kubwa: wikendi nzima, na lazima kuwe na maji.

Mwaka huu kura iliangukia Ramisi. Ni mto wa kusini mwa pwani, unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Funzi. Ukitoka Mombasa unavuka feri ya Likoni, unapita Ukunda na Msambweni, halafu unakata kushoto kuelekea Bodo. Kutoka Bodo unapanda mashua. Ng'ambo kuna Kisiwa cha Funzi, na mlango wa mto umefichwa na mikoko kiasi kwamba usipoonyeshwa unaweza kuupita.

Bajeti yetu ilikuwa hivi: mashua mbili na mafuta yake KSh 24,000. Chakula, kilichopikwa na kina mama wa pale, KSh 16,000. Malazi KSh 16,000. Matatu ya kukodi, kwenda na kurudi, KSh 14,000. Dharura KSh 2,000. Jumla KSh 72,000.

Wanachama kumi na mmoja walilipa mapema, yaani KSh 49,500. Mweka hazina akazipeleka zote zilikotakiwa: malazi yote, matatu yote, nusu ya mashua, na KSh 7,500 za chakula. Kufikia Jumatano, pesa ya kikundi iliyobaki kwenye simu yake ilikuwa sufuri. Kila shilingi ilikuwa na risiti yake. Hapo hakuna anayeweza kumlaumu.

Wanachama watano tukachelewa. Ndiyo, nami nilikuwemo. Tulilipa Alhamisi usiku, baada ya kusumbuliwa kwenye grupu ya WhatsApp mpaka aibu ikatushika. Tano mara 4,500 ni KSh 22,500. Hizo ndizo zilitakiwa kumaliza kila kitu: KSh 12,000 za nahodha, KSh 8,500 za chakula, na KSh 2,000 za dharura.

Kwa karatasi, tulikuwa sawa kabisa.

Pesa ilienda wapi?

Jumatano hiyo hiyo usiku, mama yake mweka hazina aliugua ghafla. Alipofika hospitalini akatakiwa kulipa kabla ya vipimo. Salio lake halikutosha, na simu ikamuuliza kama anataka kukamilisha malipo kwa ovadrafti. Mama yuko kwenye benchi anatetemeka. Wewe ungefanya nini? Akakubali. Deni likawa KSh 9,200 pamoja na ada.

Alhamisi usiku michango yetu mitano ikaanza kuingia. Na ovadrafti inafanya kazi hivi: ukiwa na deni, pesa yoyote inayoingia kwenye laini yako hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Hukatwa yenyewe, hauulizwi. Mfumo haujui kama iliyoingia ni mshahara, ni zawadi ya shangazi ama ni mchango wa safari ya Ramisi. Unachojua ni nambari ya simu na deni lililo juu yake.

Kwa hivyo katika ile KSh 22,500, KSh 9,200 zikaondoka palepale. Meseji zilikuja, ila zilikuja usiku, kumi kwa mkupuo, wakati yeye yuko wodini. Aliona majina yetu yanaingia, akaweka alama kwenye daftari lake: amelipa, amelipa, amelipa. Mstari wa salio hakuusoma.

Jumamosi alfajiri, tukiwa kwenye feri, kina mama wa chakula walipiga simu. Wanataka kununua samaki mapema kabla hawajaisha. Akawatumia KSh 8,500, ikapita bila shida. Hakuna kengele iliyolia kichwani mwake. Tulipofika Bodo alikuwa amebakiwa na KSh 4,800, naye anaamini ana KSh 14,000.

Hesabu ni rahisi ukiziandika hivi. Ukiwa umesimama ufuoni na watu kumi na tano wanakuangalia mkono, si rahisi hata kidogo.

Maji mafu

Sasa ongeza tatizo la pili, ambalo sisi watu wa mjini hatukulifikiria: maji.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Jumamosi yetu ilikuwa ya maji mafu, na kilele kilikuwa karibu saa tano asubuhi.

Nahodha, mzee mtulivu mwenye kofia ya vito iliyochakaa, alitueleza taratibu kama mwalimu.

"Wanangu, maji ya leo si mengi. Huko juu kuna mahali pa mchanga na matope. Tukiingia maji yakipanda, tunapita. Tukichelewa tukaingia yakishuka, mashua itakaa. Hata mngekuwa na milioni, haitapita."

Na hakuwa tayari kung'oa nanga kabla ya baki kulipwa. Alituambia sababu bila kukasirika. Kuna kikundi kilimwahidi kumlipa wakirudi, wakarudi usiku, wakasema mtandao hakuna, wakaahidi kutuma wakifika Ukunda. Anawangoja mpaka leo. Mafuta ya injini alinunua kwa pesa ya mfuko wake.

Mbona asingoje? Kwa sababu yeye pia ana watu wanaomngoja. Baharia wake wawili walitakiwa kulipwa siku ile ile.

Kitufe kimoja cha kuficha

Hapa ndipo sehemu ambayo nimeifikiria zaidi tangu turudi.

Salio lilipokosa kutosha mara ya pili, simu ilimpa mweka hazina chaguo: kamilisha malipo kwa ovadrafti. Deni la kwanza lilikuwa limelipwa na michango yetu bila yeye kujua, kwa hivyo nafasi ya kukopa ilikuwa wazi tena. Kitufe kimoja tu. KSh 7,200 zinapatikana, nahodha anapata meseji, tunapanda mashua, hakuna anayejua. Angelipa mwenyewe polepole, na ada ya kila siku juu yake.

Ameniambia kidole chake kilikuwa juu ya kitufe hicho. Ilibaki kubonyeza tu.

Badala yake akageuka, akasema kwa sauti ambayo ilibidi tusogee ndiyo tuisikie: "Jamani, kuna pesa yenu imekatwa. Sijui vizuri imekatwaje, lakini imekatwa kwa deni langu. Naomba tuangalie pamoja."

Akampa katibu simu. Wakafungua taarifa ya akaunti na kusoma meseji moja baada ya nyingine, kuanzia Jumatano. Malipo ya hospitali. Ovadrafti. Mchango, kukatwa. Mchango mwingine, kukatwa. Mpaka deni likaisha. Yote yalikuwa pale, na saa zake na dakika zake.

Kuna mmoja wetu aliguna, "Kumbe ndivyo." Sikupenda ile guna. Lakini nilijua kwamba kama asingeifungua ile taarifa mbele yetu, guna hilo lingekuwa la watu kumi na tano, na lingedumu mwaka mzima.

Hapo ndipo nami nilipokumbuka mkutano wetu wa mwaka jana. Katibu alikuwa ameuliza kama tufungue akaunti ya kikundi. Nilijibu mimi, kwa kujiamini kwa mtu anayefanya kazi kwenye kampuni ya malipo: "Ya nini mambo mengi? Tutume tu kwa namba ya mweka hazina, ni rahisi." Nikasema hilo nalo, pale pale ufuoni. Halikupunguza deni, lakini lilipunguza macho yaliyomwelekea yeye peke yake.

"Nangoja yangu ilie"

Zilipungua KSh 7,200. Ukimtoa mweka hazina tulikuwa watu kumi na tano. Mwenyekiti akagawa: KSh 480 kila mtu, tumlipe nahodha moja kwa moja kwenye till yake, na mweka hazina atarudisha mwisho wa mwezi. Hakuna aliyebisha. Mweka hazina akatuma zile KSh 4,800 zake, nasi tukaanza kutuma.

Simu ya nahodha ikaanza kulia. Kila ikilia anasoma jina na kiasi kwa sauti, baharia wake anaweka kijiti mchangani. Kijiti cha kumi na tatu kikakaa. Kumi na nne. Halafu kimya.

Mwenzetu mmoja akamsogelea na simu yake mkononi. "Mzee, yangu imeenda. Ona, meseji hii hapa."

Nahodha akaisoma, akamrudishia. "Naiona, mwanangu, wala sisemi unanidanganya. Lakini meseji ya simu yako haijai kwenye tangi langu. Nangoja yangu ilie."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni tunayojaribu kuwafundisha wafanyabiashara kila siku, na mzee yule ameisema kwa maneno machache kutushinda sisi wote ofisini. Meseji ya mtumaji inaweza kuwa ya kweli lakini ya namba isiyo sahihi. Inaweza kuwa ya jana. Inaweza kuwa imeandikwa tu na mtu kwa mkono wake ifanane na ya kampuni. Anayepokea pesa anaangalia simu yake mwenyewe na salio lake mwenyewe.

Tulipoangalia vizuri, mwenzetu alikosea tarakimu moja ya till. KSh 480 zake zilikuwa zimeenda kwa duka fulani ambalo hatulijui. Jina la duka lilitokea kwenye skrini kabla hajaweka PIN, ila kwa haraka hakulisoma. Alipiga simu huduma kwa wateja pale pale akaomba muamala ubatilishwe, kisha akatuma nyingine, safari hii akisoma jina kwanza. Simu ya nahodha ikalia. Kijiti cha kumi na tano.

Tuling'oa nanga saa nne na dakika kumi.

Mtoni

Dakika arobaini tulizozipoteza zilikuwa na gharama, nitaisema baadaye. Lakini kwanza niseme kwamba Ramisi ni mahali pazuri sana.

Mashua inatoka kwenye mawimbi madogo ya ghuba, inaingia mlangoni, na ghafla sauti ya bahari inazimika. Pande zote mbili ni mikoko. Mbele kabisa majini imesimama ile yenye mizizi kama miguu ya buibui. Nyuma yake baharia alituonyesha mchu, ambao mizizi yake midogo inachomoza matopeni kama penseli zilizopandwa, ili mti upate hewa. Kaa wekundu wanakimbia katikati yake. Maji ya chumvi ya bahari yanakutana na maji matamu ya mto, na rangi inabadilika kutoka kijani kuwa kahawia kadiri unavyopanda.

Mdiria mmoja alitutangulia kwa muda mrefu, anatua kwenye tawi, tukikaribia anaruka hadi tawi lingine, kama ameajiriwa kutuongoza. Juu zaidi tulimwona furukombe na kichwa chake cheupe. Halafu mmoja wetu akasema, "Angalieni lile gogo," na gogo likaingia majini. Mashua nzima ikakaa kimya. Hakuna aliyetia mkono majini tena siku hiyo. Ni mto wa mamba, na nahodha alikuwa ametuonya mapema: mkono ndani, jaketi halivuliwi, hata ukisikia joto namna gani.

Sasa gharama. Kuna kona ya juu ambayo nahodha alitaka kutufikisha, mahali anaposema ndege ni wengi zaidi. Hatukufika. Baharia alichovya pondo, akatikisa kichwa. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Tukageuza mashua bila maneno mengi.

Mchana tulikula kwenye fungu la mchanga: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari yenye pilipili ya kutoa machozi. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Wawili wetu walitaka kununua madafu kwa kijana mmoja, wakahangaika na simu dakika kumi. Aliyetuokoa ni dada mmoja aliyekuwa na noti za mia mia ndani ya mfuko wa nailoni. Chakula nacho kilikuwa kimelipwa kabla, la sivyo tungekuwa na mkutano mwingine pale mchangani.

Usiku, kando ya moto

Usiku ule mweka hazina alisema anajiuzulu. Alikuwa ameandika hata maneno ya kusema. Alisema ameaminiwa na ameangusha watu.

Mwenyekiti wetu, ambaye huwa haongei sana, akauliza swali moja: "Kati yetu hapa, ni nani asiye na ovadrafti ama mkopo wa simu usiku huu? Ainue mkono."

Mikono minne. Kati ya watu kumi na sita.

Mimi sikuinua wangu.

Tulikaa hivyo kwa muda, moto unalia. Yeyote kati ya wale kumi na wawili angekuwa mweka hazina, jambo lile lile lingetokea. Tatizo lilikuwa pale tulipoiweka pesa. Tuliweka pesa ya watu kumi na sita ndani ya maisha ya mtu mmoja, na maisha ya mtu yana mama anayeugua Jumatano usiku.

Hatukukubali ajiuzulu. Na mwisho wa mwezi, asubuhi moja nikiwa kwenye matatu kwenda kazini, simu yangu ililia: KSh 480 kutoka kwake. Wote kumi na tano tulipata siku hiyo hiyo. Mama yake anaendelea vizuri.

Tulichobadilisha, na unachoweza kubadilisha wewe

Wiki iliyofuata tulifungua akaunti ya kikundi. Mweka hazina ndiye anayeanzisha malipo, halafu wanachama wengine wawili wanaidhinisha kabla pesa haijatoka. Madeni ya mtu hayaigusi. Kila mwanachama akitaka salio, analiona. Ilituchukua chini ya wiki moja kukamilisha, kukiwemo kuandika kumbukumbu za mkutano na kukusanya nakala za vitambulisho.

Kama nanyi mnapanga safari, iwe ya mashua, ya harusi ushago ama ya kupanda mlima, haya ndiyo ningetaka mtu aniambie kabla ya Bodo:

1. Laini ya mtu mmoja si akaunti ya kikundi. Kama hamna akaunti ya kikundi bado, tumia angalau laini ya pili isiyo na ovadrafti wala mkopo, inayotumika kwa michango tu. Na muulizeni mweka hazina swali la deni kwa heshima, kabla ya kumtumia hata shilingi. Swali hilo linamlinda yeye kwanza.

2. Jua ovadrafti inavyojilipa. Ni msaada mzuri ukikwama. Lakini pesa yoyote itakayoingia baadaye italipa deni kwanza. Ukijua kuna pesa ya watu inakuja kwenye laini yako, lipa deni mapema ama waambie watu wangoje.

3. Soma mstari wa salio, si jina la mtumaji tu. Mweka hazina wetu aliona majina matano yote. Salio ndilo lilikuwa na habari yenyewe.

4. Weka taarifa ya akaunti kwenye grupu kila wiki, hata kama hakuna aliyeuliza. Mkizoea kuiona, siku ya tatizo haitakuwa kama mtu anafanyiwa msako.

5. Tarehe ya mwisho iwe siku saba kabla ya safari. Sisi tuliochelewa ndio tuliomfanya mweka hazina apokee pesa usiku akiwa hospitalini. Wiki moja ingetosha kuona pengo na kuliziba bila haraka.

6. Mlipe mtoa huduma moja kwa moja, na usome jina linalotokea kabla ya PIN. Jina likiwa tofauti, simama hapo hapo. Ukiwa umeshakosea, piga simu huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu pesa ikishatumiwa na aliyeipata ni vigumu kuirudisha.

7. Ukiwa wewe ndiye unayelipwa, ngoja yako ilie. Usitoe mzigo, usiwashe injini, usikabidhi funguo kwa kuonyeshwa meseji ya simu ya mtu mwingine.

8. Lipa kila kitu kabla ya kuacha mtandao. Mtoni, kisiwani, porini, usitegemee simu. Beba keshi kidogo ya noti ndogo, kwenye mfuko usioingiza maji, na simu moja ya kikundi iliyojaa chaji.

9. PIN haiazimwi, hata mashua ikiondoka. Pale ufuoni kuna aliyemwambia mweka hazina, "Nipe PIN nikusaidie haraka." Alikataa. Alimwonyesha katibu taarifa, PIN akaiweka mwenyewe.

Mwaka ujao tunarudi Ramisi. Katibu ameshatazama kalenda ya mwezi, na tumechagua wikendi ambayo nahodha ameikubali. Michango inaingia kwenye akaunti ya kikundi, na mpaka leo naandika, wanachama kumi na wanne wameshalipa.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Nataka kuiona ile kona.